Re: Shule ya kimataifa Den Haag, Uholanzi, Aprili wanasoma kweli?

Dada, ratiba uliyotumiwa imejaa matembezi na michezo ila usiogope, wanasoma. Wale wadogo wakipelekwa bustani ya maua ya Keukenhof kuona matulipu wanapewa karatasi za kuchora na kupima, wakirudi darasani wanalichambua ua, petali sita, stameni sita, hiyo ni sayansi tayari.

Kama mtoto wako yuko mwaka wa mwisho wa praimari ya IB, ule mtaala wa kimataifa, hapo ndo kuna kazi, kuna ile Ekzibisheni, wanakaa vikundi wanachagua tatizo moja wanalitafiti wiki kibao halafu wanasimama mbele ya wazazi kujieleza. Usimfanyie wewe, mwalimu anajua tu 😂

Kabla ya Siku ya Mfalme, 27 Aprili, shule nyingi zina Koningsspelen, yaani Michezo ya Mfalme, wanakunywa chai ya asubuhi pamoja kisha michezo. Sikukuu yenyewe watoto wanatandika blanketi barabarani wanauza midoli yao ya zamani, wangu hesabu za chenji kazijulia huko. Wakubwa wa Diploma, wale wanaomalizia sekondari ya IB, waache kabisa, Mei ni mitihani.

Mnunulie koti la mvua mapema, jua la Aprili huku linadanganya.