Marufuku ya utoaji mimba haitaokoa mabinti

Umeuliza: India ikipiga marufuku utoaji mimba, watapona mabinti ambao mimba zao hutolewa kwa sababu tu ni wa kike? Hapana. Sheria ya 1971 inaruhusu kutoa mimba kwa masharti. Ya 1994 ndiyo inayokataza kumtajia mzazi jinsia ya mtoto aliye tumboni. Mashine ya ultrasaundi lazima isajiliwe, na kila mjamzito anayepimwa ajaziwe Fomu F, yaani kumbukumbu ya kipimo chake. Inapovuja ni hapa: fomu inajazwa vizuri kabisa, kisha daktari anatoa ishara kwa neno moja la fumbo. Ushahidi wa neno hilo utaupata wapi? Lakini matokeo yanaonekana: Sensa ya 2011 ilikuta wasichana karibu 919 kwa wavulana 1,000, wenye umri chini ya miaka 7. Kagueni kliniki za ultrasaundi. Mkibana vidonge vya kutoa mimba, anayeumia ni maskini aliyebakwa, maana mwenye pesa atapata njia.