Filta ya Roli ya Tishu: Ninachowaambia Wenye Malori na Matatu

Nianze na jibu, maana wengi mnaoniuliza kama filta ya roli ya tishu inafaa kwa oili ya injini mna haraka. Ndiyo, filta inayotumia roli ya tishu inasafisha oili, na inaisafisha kuliko filta ya kawaida. Lakini haikuondolei kazi ya kubadilisha oili, na ikifungwa ovyo inaweza kukuulia injini kabla hujafika Roysambu. Nimezifunga kwenye malori na matatu hapa Nairobi, nimezihudumia, na nyingine nimezitoa kwa sababu mwenyewe hakuwa na muda nazo. Msimamo wangu ni huu: kama wewe si mtu wa kufungua boneti na kuangalia, kaa na filta ya kiwandani na ubadilishe oili kwa wakati.

Sasa tuingie ndani. Filta ya kawaida, ile ya kopo, hupitisha oili yote inayotoka kwenye pampu kabla haijafika kwenye beringi zinazobeba krankshafti, ule mhimili mkuu wa injini. Haiwezi kuwa na vitundu vidogo sana, kwa sababu ikibana tu, beringi zinabaki kavu. Ndiyo maana ndani yake, au kwenye kichwa inapofungwa, kuna vali inayofunguka filta ikiziba au oili ikiwa nzito asubuhi, na hapo oili hupita bila kuchujwa kabisa. Nyingi hukamata vizuri uchafu wa kuanzia mikroni 20 hadi 40; mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu ni kama mikroni 70. Lakini utando wa oili unaobeba krankshafti una unene wa mikroni chache tu, na chembe zinazosaga chuma ni zile zinazoingia kwenye nafasi hiyo: za mikroni 5, 10, 15. Hizo huzunguka kwenye injini siku nzima na filta ya kopo haina habari nazo.

Filta ya baipasi huchukua sehemu ndogo tu ya oili, tuseme asilimia 5 hadi 10, ikaipitisha polepole kwenye kitu kilichoshikana sana, kisha ikairudisha kwenye sampu, lile karai la oili chini ya injini. Kwa kuwa hakuna beringi inayoisubiri oili hiyo, inaweza kuchujwa hadi mikroni chache. Roli ya tishu hukaa ndani ya kopo la chuma, oili ikaingilia upande mmoja wa roli na kutokea upande wa pili, ikipenya kati ya tabaka na tabaka kwa upana wote wa karatasi. Oili ileile hurudi tena na tena, na baada ya muda yote huwa imepita. Karatasi pia hunyonya maji, jambo ambalo filta ya kopo haiwezi.

Wazo lenyewe ni la zamani. Purolator ya Ernest Sweetland na George Greenhalgh, iliyotoka Marekani mwaka wa 1923, ndiyo iliyofungua njia ya filta za oili kwenye magari, na kwa miaka mingi filta nyingi zilikuwa za baipasi. Roli ya tishu ilipata jina kupitia Frantz, ambayo Wamarekani wengi waliifunga kwenye magari yao miaka ya 1960. Gulf Coast Filters wao walitumia roli za karatasi za jikoni kwenye dizeli kubwa. Na msidhani ni mambo ya mitaani tu: Volvo D13 hutoka kiwandani na filta ya baipasi kando ya zile za kawaida, na Scania huweka kifaa kinachozunguka kwa kasi na kutupa masizi pembeni. Malori hayo mnayaona kila siku Mombasa Road.

Kwa nini basi nimsumbue mtu wa Nairobi na jambo hili? Kwa sababu ya masizi. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na pampu za dizeli za zamani zisizojirekebisha humwaga dizeli ileile ambayo zingemwaga Mombasa. Dizeli isiyopata hewa ya kutosha huwa moshi, na sehemu ya moshi huo hushukia kwenye oili. Ongeza foleni. Matatu ikikaa saa nzima Jogoo Road, kilomita hazisogei, lakini injini inaunguruma na oili inachafuka. Gari la namna hiyo ukilihesabia servisi kwa kilomita peke yake unajidanganya.

Kuna na vumbi. Lori linalobeba mawe kutoka Ndarugo linavuta vumbi la machimbo mchana kutwa, na vumbi ni mchanga uliosagika. Hapo nataka nisikilizwe vizuri: kabla hujanunua filta yoyote ya tishu, kagua filta ya hewa na mpira unaotoka pale kwenda kwenye injini. Filta ya hewa iliyopulizwa kwa kompresa mara nyingi hadi karatasi ikatoboka inaingiza mchanga kuliko roli yoyote itakavyoweza kuutoa. Iweke mbele ya taa gizani. Ukiona vitundu vya mwanga, itupe.

Sasa mambo ambayo roli haifanyi, maana hapa ndipo watu wanapotea. Oili huzeeka kwa njia ambazo karatasi haizigusi. Ndani yake kuna kemikali za kuua asidi, za kushikilia masizi yasigandamane, za kulinda vyuma vinaposuguana. Hizo huisha kwa kufanya kazi. Oili huungua kwa joto ikawa nzito, na dizeli ikivuja kutoka kwenye nozeli zinazoipulizia ndani ya silinda huifanya nyepesi. Roli haiondoi dizeli wala hairudishi kemikali zilizokwisha. Kinachosaidia kidogo ni kwamba ukibadilisha roli unaongeza oili mpya, ile iliyobaki kwenye karatasi, yapata nusu lita hadi lita moja kutegemea ukubwa wa kopo, na oili hiyo huja na kemikali zake. Wanaosema wameendesha miaka bila kumwaga oili hasa wanaishi kwa hizo nyongeza. Na oili ghushi, ambayo sokoni ipo, haigeuki kuwa nzuri kwa kuchujwa.

Mteja mmoja wangu, mzee mwenye lori, alivuta dipstiki akanionyesha oili ya rangi ya asali. "Fundi, hii si bado mpya? Ya nini kuimwaga?"

Nikamwambia, "Mzee wangu, rangi inaonyesha masizi yametoka tu. Haikuambii kilichobaki ndani."

Tukadondosha tone la oili ya moto kwenye karatasi nyeupe, tukaliacha hadi jioni. Jaribio hili mnaweza kulifanya wenyewe. Tone likitawanyika vizuri, kijivu kikififia taratibu kuelekea nje, oili bado inabeba masizi yake. Ukiona doa jeusi zito katikati lenye ukingo mkali, masizi yameanza kugandamana, mwaga. Ukiona mviringo mpana wa mafuta unaopitisha mwanga nje ya doa, shuku dizeli imeingia. Tone la mzee lilikuwa na mviringo huo. Nozeli mbili zilikuwa zinakojoa, na roli ilikuwa imelificha tatizo kwa kuiacha oili inang'aa.

Kuhusu roli yenyewe. Chagua iliyosokotwa kwa nguvu, isiyo na manukato, isiyo na losheni, isiyo na maua yaliyogandamizwa kwenye karatasi, kwa sababu kila ua ni njia ya oili kupita bila kuchujwa. Ibonyeze kwa vidole dukani; ikibonyea kama mkate wa maziwa, iache. Makopo ya zamani yalitengenezwa kwa roli za Marekani, ambazo zilikuwa pana na nene kuliko nyingi tunazouziwa leo kwenye supamaketi. Roli ikiwa fupi, kifuniko hakiikandamizi. Ikiwa nyembamba, oili inapita kati yake na ukuta wa kopo. Pima kopo kwanza, kisha tafuta roli inayoingia kwa kusukumwa.

Kati ya tishu ya chooni na karatasi ya jikoni, mimi naipendelea ya jikoni pale kopo linaporuhusu. Tishu ya chooni hutengenezwa imeguke ikikutana na maji. Ya jikoni huwekewa dawa ya kuifanya ivumilie ikilowa. Kwenye oili kavu tofauti si kubwa, lakini siku gasketi ya silinda hedi inapoachia na maji ya rejeta kuingia kwenye oili, utafurahi kuwa na karatasi isiyogeuka uji. Kwa vyovyote vile, kopo lazima liwe na wavu wa chuma upande wa kutokea. Lisilo na wavu msilifunge, hata mkipewa bure.

Ufungaji ndio unaoniudhi zaidi, kwa sababu injini nilizoona zikifa kwa filta hizi hazikuuawa na tishu. Ziliuawa na mpira. Oili ya baipasi huchukuliwa pale penye presha, mara nyingi kwenye swichi ya presha ya oili, kwa kuweka tii, kiungo cha njia tatu. Hapo kuna presha ya baa 3 hadi 5 gari likiwa barabarani, na oili ina joto la nyuzi 90 na zaidi. Mtu anafunga mpira wa dizeli na klipu ya kuzungusha kwa bisibisi. Mpira unachomoka, oili inamwagika yote, na dereva anazima injini akishasikia milio. Nunua hosi ya haidroliki iliyobanwa kwa mashine pande zote mbili. Kirinyaga Road na Industrial Area watakutengenezea urefu unaotaka ukisubiri. Ipitishe mbali na egzosi na mbali na feni, na uiache na ulegevu kidogo maana injini hutikisika na bodi haitikisiki pamoja nayo.

Halafu nyuzi za fitingi. Swichi ya presha kwenye injini nyingi za Kijapani ina nyuzi 28 kwa inchi. Fitingi ya Kimarekani ya ukubwa unaofanana ina nyuzi 27. Zitaingiana kwa mizunguko kadhaa, zitaonekana zimekaza, kisha zitavuja au zitapasua bloku ya injini. Linganisha fitingi mpya na swichi ya zamani kwa kuzilaza ubavu kwa ubavu kwenye mwanga. Nyuzi zisipolala ndani ya nyuzi kuanzia mwanzo hadi mwisho, rudi dukani. Na usining'inize tii nzito ya shaba na swichi juu yake moja kwa moja kwenye bloku, mtikisiko utaivunja shingo. Toa hosi fupi kutoka kwenye bloku, tii uifunge kwenye chasi.

Lazima kuwe na kitundu cha kubana oili kabla ya kopo, cha kama milimita 1.5. Hicho ndicho kinachoamua ni oili kiasi gani inaondoka kwenye beringi. Mafundi wengine hukitoboa kikawa kikubwa ili "ichuje haraka", na taa ya presha inaanza kuwaka injini ikiwa moto na inaunguruma polepole bila kukanyagwa. Oili inayorudi iende kwenye sampu juu ya kiwango cha oili, au kwenye kifuniko cha vali, kwa hosi pana isiyopindwa.

Roli ibadilishe kila kilomita 3,000 hadi 5,000, na mapema zaidi mara ya kwanza, kwa sababu injini chafu huijaza upesi. Ukishaweka mpya, washa injini, ipe dakika chache, tazama kila kiungo kwa tochi, zima, subiri, pima dipstiki na uongeze oili. Dereva asiondoke kabla ya hapo.

Na usitupe roli ya zamani bila kuisoma. Itoe, ilaze, ikate kwa kisu katikati. Ikiwa nyeusi upande wa kuingilia na inafifia kuelekea upande wa kutokea, imefanya kazi yake. Ikiwa na mstari mweusi ubavuni huku katikati ni safi, oili ilikuwa inapita pembeni na umekuwa ukiendesha na pambo. Ikiwa safi kabisa, kitundu kimeziba. Chembe zinazong'aa rangi ya shaba ni beringi zinaaga. Ikiwa laini na ya rangi ya chai ya maziwa, kuna maji. Chukua tone la oili uliweke kwenye kijiko cha chuma chenye moto, likitatarika usiliondoe gari hapo.

Kwa Vitz, Fielder, Note na ndugu zao zinazokwenda kazini na kurudi, sizifungi. Injini hizo za petroli hazina masizi ya kuhalalisha hosi mbili za ziada, na oili yake ni lita chache tu kubadilisha. Gari jipya lenye waranti pia liache lilivyo. Faida iko kwa dizeli inayofanya kazi siku nzima, yenye sampu kubwa, ambayo mwenyewe anajua jina la kila nati.

Roli zilizotumika ziache zichuruzike kwenye karai usiku kucha. Oili inayotoka iende kwa wakusanyaji wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, na roli ziende nayo. Kuna vijana wanaziomba za kuwashia jiko. Wanyimeni, kwa sababu moshi wake una chuma na masizi yaleyale mliyotaka kuyatoa kwenye injini.