Mama anaharisha baada ya dripu ya saratani

SWALI: Mama anatibiwa saratani ya mapafu kwa pembrolizumab, dripu ya nusu saa kila wiki 3. Sasa anaharisha mara 6 kwa siku. Nimpe dawa ya kufunga tumbo?

JIBU: Usimpe kwanza, mpigie daktari wake leo hii. Seli T, askari wa mwili, zina breki iitwayo PD-1. Saratani huikanyaga ili isishambuliwe; pembrolizumab huzuia isikanyagwe. Lakini askari walioachiwa huweza kuugeukia utumbo wenyewe. Ukiufunga, unaficha dalili huku utumbo ukizidi kuvimba, hata kutoboka. Daktari akithibitisha, kwa kawaida husimamisha dripu na kumpa prednisoloni, dawa ya kutuliza askari hao, kisha huipunguza polepole kwa wiki 4 hadi 6. Tafadhali, asiikatishe ghafla.