Nilimpa mpira, kumbe yeye ni wa kurusha

Swali la wiki hii, "Unamsaidiaje mtoto kuchagua mchezo unaomfaa?", nimelisoma nikiwa mwaloni Igombe, siku hizi za mbalamwezi ambazo sisi wavuvi wa dagaa hatuingii ziwani. Nalijibu kwa sababu kwa kifungua mimba wangu nilikosea, na aliyeumia ni yeye.

Alipotimiza miaka kumi nilimwandikisha kwenye kituo kimoja cha mpira mjini. Sikumuuliza. Utotoni nilicheza namba tisa, nimekua nikiishangilia timu yetu ya Pamba, nikaona mtoto wa kiume wa Mwanza hana mchezo mwingine. Daladala mbili kwenda, mbili kurudi, mara nne kwa wiki, anafika nyumbani giza limeshaingia. Miezi minane alikaa benchi. Kocha alikuwa akimfokea mbele ya wenzake, nami nikadhani ndivyo mtoto wa kiume anavyokomazwa. Alipoanza kulalamika kuwa visigino vinamuuma nikamwambia aache uvivu. Mama yake ndiye aliyempeleka zahanati, akaelezwa kwamba mifupa ya mtoto wa umri ule bado inakua, na pale kisigino kinapokulia huuma akikimbizwa kila siku bila kupumzika. Dawa yake kubwa ilikuwa mapumziko tu. Neno lile la uvivu linanichoma mpaka leo.

Katika mapumziko hayo ndipo nilipomwona. Ilikuwa mbalamwezi kama sasa, niko nyumbani. Jioni alishuka ufukweni na wenzake kurusha mawe, wakishindana jiwe la nani litadunda juu ya maji mara nyingi zaidi. Wenzake walichoka, wakaenda zao. Yeye akabaki. Anaokota jiwe bapa, analipima mkononi, anarudi hatua tatu, anarusha, anahesabu kwa sauti. Likizama mapema anabadilisha namna ya kusimama, anarusha tena. Alikaa pale saa nzima, hakuna aliyemtuma wala aliyempigia makofi. Uso aliokuwa nao jioni ile sikuwahi kuuona uwanjani kwa miezi yote minane.

Nilimsimulia mwalimu wake wa michezo. Akaniuliza kama mtoto amewahi kujaribu mpira wa mikono. Mchezo huo umo kwenye UMITASHUMTA, yale mashindano ya shule za msingi, lakini mimi nilikuwa nikiupita tu kana kwamba haupo. Wachezaji saba kila upande, na kazi kubwa ni mkono, kuruka na shabaha. Mwalimu hakutaka tumfunge hapo hapo. Muhula mzima alimchezesha mikono, wavu na riadha, ili mwili ujifunze kukimbia, kudaka na kurusha kabla ya kuchagua. Muhula ulipoisha mtoto akasema mwenyewe: mikono. Na mazoezi yako shuleni kwao, dakika kumi kwa mguu. Wazazi tunapenda kuzungumzia kipaji, nauli na giza tunavisahau. Mimi sasa naanzia hapo: mchezo ambao mtoto anaweza kuufikia kwa miguu yake ndio atakaoucheza mwaka mzima. Kisha namtazama anayewafundisha. Anayetukana watoto simpi wangu, hata kama ana vikombe kabati zima.

Kuna jirani aliniambia nimempotezea mtoto njia, eti soka ndiyo yenye maisha. Nilimkumbusha kwamba medali za Olimpiki za Tanzania mpaka leo ni mbili, zote za fedha, zote za Moscow mwaka 1980, na zote za riadha: ya Filbert Bayi, na ya Suleiman Nyambui wa huku huku kwetu kanda ya ziwa.

Mpira niliomnunulia kaka mtu sasa anao mdogo wake wa kike, na huyo hasukumwi. Bibi yake hakupenda. Nilimwonyesha kwenye simu Twiga Stars wakicheza fainali za Afrika za wanawake kule Morocco mwaka 2025. Alitazama mpaka mwisho, akaomba tu mjukuu asicheze siku ya kusuka.

Mchezo mmoja tu sitoi uhuru wa kuchagua, nao ni kuogelea. Tunaishi kando ya ziwa lililoizamisha MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018, na mimi kazi yangu iko humo kila usiku wa giza. Mtoto wa mwaloni asiyejua kuelea ananinyima usingizi. Lakini sikubali wajifunzie pale kwenye magugu na maji ya kina kifupi, maana konokono wanaobeba kichocho hukaa humo. Tunakwenda kwenye bwawa la hoteli, tunalipa kiingilio, mara moja kila mbalamwezi ninapokuwa nyumbani. Jumamosi hii ni zamu ya kitinda mimba. Ana miaka sita, na bado anaogopa kuzamisha uso.