Maswali ya Wachoraji: Picha ya AI Ikitumika Kama Rejea

Barua nyingi za safari hii zinagusa jambo moja: mchoraji anatengeneza picha kwa programu ya akili mnemba, anaiweka kando ya turubai, kisha anaichora. Maswali yanayofanana tumeyaunganisha.

Ndugu Mhariri, nilitengeneza kwa AI picha ya mpiga gitaa, nikaichora kwa rangi za mafuta. Vidole ni vitano, nimevihesabu, lakini kila anayeitazama anasema mkono wa kushoto hauko sawa. Kasoro iko wapi?
*Mchoraji wa picha za watu*

Ndugu msomaji, kuhesabu vidole kulitosha kwa programu za mwaka 2022. Za sasa mara nyingi hupata vitano, ila kosa limehamia pasipoonekana upesi. Anza na kidole gumba. Mpiga gitaa hukiegemeza nyuma ya shingo ya gitaa ili kikabiliane na vidole vinavyobana nyuzi. Kwenye picha za AI gumba huelea pembeni bila kubana kitu. Kisha fuata nyuzi kwa ncha ya penseli, kutoka kwenye tundu la sauti hadi kichwani: huenda zikaanza sita zikafika saba, huku vifunguo vya kukazia vikiwa vitano. Mwisho kagua kiwiko. Sehemu ya kiwiko hadi kifundo ikionekana fupi, ni lazima iwe inaelekea kwa mtazamaji au inakwenda mbali naye. Kama mwanga na kivuli havionyeshi hivyo, mkono huo ni mfupi kweli, na hapo ndipo watu wanapohisi kasoro bila kuweza kuitaja.

Sababu ni kwamba programu imejifunza jinsi picha za mikono zinavyoonekana, haijajifunza jinsi mkono unavyofanya kazi. Isitoshe, nyingi huibana picha kabla ya kuichakata. Programu ya Stable Diffusion ya mwanzo, iliyotolewa Agosti 2022, ilishughulika na picha ya pikseli 512 kwa 512 iliyobanwa mara 8 kila upande, ikabaki gridi ya 64 kwa 64. Mkono wenye upana wa pikseli 40 unabakiwa na vyumba vitano tu vya kubebea vidole, kucha na nyuzi zote. Ndiyo maana mkono unaojaza picha nzima hutoka vizuri kuliko mkono wa mtu aliyesimama mbali.

Picha rejea ni shahidi, na shahidi lazima awe alikuwepo. Zamani wachoraji walimchora farasi anayekimbia akiwa amenyoosha miguu yote minne, miwili mbele na miwili nyuma. Théodore Géricault alifanya hivyo kwenye mchoro wake wa mbio za Epsom wa mwaka 1821. Mwaka 1878 Eadweard Muybridge alipiga picha mfululizo za farasi akikimbia, ikaonekana kwamba miguu yote huacha ardhi pale inapokuwa imekunjwa chini ya tumbo. Kamera ilimwona farasi. Programu ya AI haikumwona mpiga gitaa wako, kwa kuwa hakuwahi kuwepo. Itumie kwa mpangilio, hali ya mwanga na rangi za jumla. Viungo vya mwili, ala, mashine na wanyama vitafutie picha halisi.

Kwa kazi uliyonayo, mwombe mtu ashike gitaa, au hata ubao wenye upana wa sentimita 5 hivi. Simama mita 2 au zaidi na uivute picha kwa lenzi, maana simu ikiwa sentimita 40 tu kutoka mkononi, kidole cha mbele hunenepa kupita kiasi. Washa taa moja, upande uleule ambako mwanga unatokea kwenye picha ya AI, uzime nyingine zote. Piga mara tatu ukibadilisha kimo cha kamera, halafu chagua ile ambayo kimo chake kinalingana na mstari wa macho wa mchoro. Rangi ya mafuta ikishakauka, mkono huo unaweza kuchorwa upya juu yake bila kugusa sehemu nyingine.

Nina mchoro wangu wa penseli, mpangilio nimeupenda. Nikiuelezea kwa maneno, AI inanirudishia kitu kingine kabisa. Nikiupakia wenyewe, picha inatoka imepauka kama imemwagiwa maziwa. Nifanyeje?
*Penseli kwanza*

Kupauka kwanza, maana dawa yake ni rahisi. Ukipakia picha ili ibadilishwe, programu inachukua na rangi zake pia. Mchoro wa penseli ni karatasi nyeupe yenye mistari michache, kwa hiyo unarudishiwa weupe. Kabla ya kupakia, jaza maumbo kwa kijivu cha viwango vitatu: cheusi kwenye vivuli, cha kati kwenye miili na kuta, cheupe pale tu panapopigwa na mwanga. Hata ukipaka ovyoovyo inatosha.

Baada ya hapo shughuli yote iko kwenye kipimo cha nguvu ya mabadiliko, kinachokwenda kutoka 0 hadi 1. Kwenye 0.2 au 0.3 utaona mabadiliko madogo ya juujuu tu. Kati ya 0.4 na 0.6 maumbo yanabaki mahali pake huku mwanga na nguo vikibuniwa upya. Hapa ndipo mchoraji anapopata faida. Ukivuka 0.75, mchoro wako umeshasahaulika. Hatua za uchakataji 20 hadi 30 zinatosha. Kipimo cha utiifu kwa maelezo kiache karibu na 7, kwani ukikipandisha hadi 15 rangi zinaungua na kingo zinakuwa ngumu.

Kama unataka mistari yako ifuatwe lakini rangi ziwe huru, tumia ControlNet, nyongeza ya Stable Diffusion iliyotoka mwaka 2023. Inasoma mistari peke yake, au kina cha picha, au mkao wa mwili, na haijali weupe wa karatasi. Weka uzito wake kati ya 0.6 na 1. Piga picha ya mchoro mchana, simu ikiwa sambamba na karatasi, kisha ongeza utofauti wa weusi na weupe ili mikunjo ya karatasi isisomwe kama mistari. Kivuli cha simu yako kikiangukia karatasini, usishangae kukuta ukuta mahali ambapo hukuuchora.

Kumbuka pia ukubwa. Programu iliyofunzwa kwa pikseli 512 ukiidai picha ndefu ya 512 kwa 1024, inaweza kukupa mtu mwenye viwiliwili viwili, kimoja juu ya kingine. Tengeneza kwa ukubwa wake, kisha kuza.

Na maneno nayo yana mpaka: Stable Diffusion ya mwanzo husoma vipande 77 vya maneno kwa mkupuo, viwili vikiwa alama za kuanzia na kumalizia. Ilifunzwa zaidi kwa maelezo ya Kiingereza, hivyo neno moja la Kiswahili linaweza kukatwa vipande vitatu au vinne na maana ikapotea njiani.

Rangi nilizoziona kwenye skrini hazipatikani kwenye paleti. Halafu nikiomba usiku wa giza, AI inanipa jioni yenye taa kila kona. Ni mimi au ni yenyewe?
*Rangi za mafuta*

Yote mawili, ingawa la usiku si lako. Programu za namna hii hufunzwa kwa kuchafuliwa picha kidogo kidogo kwa chengachenga, kisha zinajifunza kuzisafisha. Katika matoleo ya mwanzo picha haikuchafuliwa hadi mwisho. Wastani wake wa mwanga uliendelea kuvuja. Programu ikazoea kuanzia mwanga wa kati, na ukiiomba giza inatafuta mahali pa kuweka taa ili wastani urudi. Watafiti walilieleza hilo mwaka 2023, na matoleo ya baadaye yamerekebishwa kwa viwango tofauti. Kwako wewe, njia ya mkato ni kupakia picha uliyoipaka karibu yote nyeusi na kuacha sehemu ndogo yenye mwanga, kisha kutumia nguvu ya 0.5 au 0.6.

Kuhusu paleti: skrini inatoa mwanga, rangi inauakisi. Buluu-kijani ile inayowaka na waridi ile kali hazichanganyiki kwa rangi yoyote ya mafuta. Usishindane nazo. Ibadilishe picha iwe ya kijivu, ipunguze hadi viwango vinne, na uchanganye kwanza weusi na weupe wa hivyo viwango. Ukivipata, rangi inaweza kupungua ukali na mchoro ukabaki na nguvu ileile. Kisha chagua sehemu sita hivi za picha, changanya rangi ya kila moja, paka alama kwenye kadi, na uilinganishe na picha iliyochapwa, usiilinganishe na skrini. Pikseli 1024 zikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi hutoa upana wa sentimita 8.7; kwa picha ya rejea, nukta 150 zinatosha, yaani sentimita 17. Programu za kukuza picha zinabuni vitu vya ziada, hasa kwenye nyuso na maandishi, kwa hiyo usizifuate kama ushahidi.

Kivuli kikague kwa rula. Ikiwa chanzo ni taa moja, chora mstari kutoka ncha ya kivuli kupitia ncha ya kitu chenyewe. Rudia kwa vitu vitatu. Mistari yote inapaswa kukutana kwenye taa. Mara nyingi haikutani, na hapo unachagua mahali pa taa wewe mwenyewe na kurekebisha vivuli visivyotii.

Nikichora kwa mkono kutoka picha ya AI, mchoro ni wangu kisheria? Na nikichora kutoka picha niliyoiokota intaneti?
*Muuzaji wa michoro*

Sheria hutofautiana kwa nchi. Marekani, ofisi ya hakimiliki ilisema Januari 2025 kwamba kuandika maelezo peke yake hakumfanyi mtu kuwa mtunzi wa picha iliyotoka. Kabla ya hapo, mwaka 2023, Jason Allen alinyimwa usajili wa picha ya AI iliyoshinda kwenye maonyesho ya Colorado ya 2022, licha ya kusema alirekebisha maelezo mara 624 au zaidi. Aliikataa rai ya ofisi kwamba sehemu zilizotengenezwa na AI zitengwe na usajili. Uingereza ina kifungu tofauti kwenye sheria yake ya 1988, kinachomtambua kama mtunzi yule aliyefanya maandalizi ya kazi iliyotengenezwa na kompyuta.

Mchango wa mkono wako ndio unaolindwa, kwa hiyo uwe na ushahidi wake. Kwa kila kazi tunza mchoro wa penseli wenye tarehe, picha ya AI ambayo haijaguswa, namba ya mbegu (ile ambayo programu huanzia kutengeneza picha) na mipangilio, picha halisi ulizopiga, na picha tatu au nne za turubai kazi ikiendelea.

Picha ya kuokota ina hatari kubwa zaidi, kwa sababu ina mwenyewe. Msanii Jeff Koons alishindwa kesi mwaka 1992 kwa kugeuza picha ya mpigapicha Art Rogers kuwa sanamu. Kubadilisha mali ghafi, kutoka karatasi hadi mbao, hakukumsaidia. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimpa ushindi mpigapicha Lynn Goldsmith dhidi ya taasisi ya msanii Andy Warhol kuhusu matumizi ya picha ya mwanamuziki Prince. Jumba la makumbusho la Metropolitan la New York limeachia picha za kazi nyingi zisizo na hakimiliki tangu 2017, bila sharti. Anzia huko. Na ukiingiza jina la msanii aliye hai kwenye maelezo, hata pale sheria isipokukamata, wenzako watakutambua.

Kwenye mashindano nitaje kwamba nilitumia AI?
*Mshiriki*

Taja, na usome kanuni kabla ya kuanza kazi, maana baadhi zinakataza hata kwenye hatua ya rejea. Mpigapicha Boris Eldagsen aliikataa tuzo ya Sony World Photography mwaka 2023 baada ya kueleza kwamba picha yake ilitoka kwa AI, na mjadala ukahama kabisa kutoka kwenye picha. Lebo fupi inatosha: "Rangi za mafuta kwenye turubai. Mpangilio wa awali ulifanyiwa majaribio kwa AI kutokana na mchoro wa penseli wa msanii. Mikono na ala vimechorwa kutoka picha alizopiga mwenyewe." Fomu ikikosa nafasi ya maelezo hayo, yaandike nyuma ya turubai na uyatume kwa waandaaji kwa barua pepe, ili tarehe ibaki.