Kamera Kusini: maswali yenu ya mwezi huu

*Shikamoo. Nina simu ya kawaida tu. Nikishuka pwani kupiga picha ndege, wanaruka nikiwa bado mbali. Ninunue kamera gani? (Mwanafunzi, Mikindani)*

Marahaba, mwanangu. Usinunue kitu kwanza. Unawafuata ndege maji yakiwa yametoka, wakati wana uwanja mzima wa kukukimbia. Ngoja bamvua, yale maji makubwa ya mwezi ukiandama au ukipevuka. Siku hizo maji hujaa alasiri, saa kumi hivi, na mwanga umeshalainika. Wewe tangulia mapema, jua liwe mgongoni, utulie. Maji yakipanda yatawasukuma vitwitwi na yangeyange kuja ulipo.

Hata hivyo simu haitakupa jicho la kitwitwi. Itakupa kaa. Tazama mikokoni wale madume wenye gando moja kubwa. Ukitikisika wanazama shimoni. Ukitulia dakika chache wanatoka na kuanza kuwapungia majike. Lala kifudifudi, simu iwe usawa wa macho yao. Nguo zitajaa tope, mama aambiwe mapema.

*Nataka picha ya komba mdogo wa Rondo. Fleshi inamdhuru? (Lindi mjini)*

Macho yake yameumbwa kwa giza, na fleshi ya ana kwa ana humpumbaza kwa muda, juu ya mti, huku bundi wapo. Tumia tochi hafifu yenye mwanga mwekundu. Ana uzito wa gramu 60 hivi, kwa hiyo mtafute kwa mkia: umetanuka kama brashi ya kuoshea chupa. Dunia nzima anajulikana katika vipande vichache tu vya misitu ya pwani ya Tanzania. Msitu wa Rondo ni hifadhi, pitia kwanza ofisi ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu.

*Lenzi imeota ukungu ndani. Niifukie kwenye mchele? (Mtwara)*

Hapana, mchele una vumbi. Ukungu ukishaota, mpelekee fundi. Baada ya hapo ihifadhi kwenye chombo kinachofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

*Nyangumi wanapita lini huku kwetu? (Msimbati)*

Wale wenye nundu hupanda kutoka bahari za baridi za kusini kuja kuzaa, na huonekana kuanzia Julai hadi Novemba hivi. Toka alfajiri, kabla upepo haujachachamaa. Boti ibaki mita 100 au zaidi, na msipite kati ya mama na mtoto. Picha ya mgongo kila mtu anayo. Subiri anapopiga mbizi, upige picha ya upande wa chini wa mkia: mabaka yake hayafanani na ya mwingine, na watafiti huwatambua kwa hayo.

*Kakakuona ametokea kijijini. Wazee wamemwekea unga, maji na panga ili atabiri mwaka. Nimempiga picha, niziweke mtandaoni? (Liwale)*

Kabla ya picha, mpigie afisa wanyamapori, kaka. Mambo ya utabiri nawaachia wazee, ila watu warudi nyuma. Akijiviringa ameogopa, na picha ya hofu yake sioni ya kujivunia. Mnyama huyu huwindwa kwa ajili ya magamba, na biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku tangu 2017. Ukitaka kuziweka, subiri aondolewe hapo, futa alama ya mahali ambayo simu huibandika kwenye picha, na usitaje kijiji. "Kusini mwa Tanzania" inatosha.