Kukusanya saa za zamani za dhahabu: kuvaa, zaka na kubadilishana

SWALI: Assalaamu alaykum shehe. Mimi ni mwanamume, nina mapenzi na saa za mkono za zamani, zile nyembamba za kutia ufunguo, kasha lake dhahabu. Sasa zimefika kumi. Nyingi zimelala sandukuni, ila moja moja huivaa harusini na siku ya Idi. Je, nina makosa? Zina zaka? Na kuna mwenzangu anataka tubadilishane, anipe saa yake, mimi nimpe yangu na pesa kidogo juu.

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullah. Hizo za Idi ndizo zenye tatizo, ndugu yangu. Ibn Abbas amepokea, na Imam Muslim ameitoa katika kitabu chake cha hadithi, kwamba Mtume (s.a.w.) alimwona mtu amevaa pete ya dhahabu, akaivua, akaitupa, akasema mmoja wenu analiendea kaa la moto akaliweka mkononi mwake. Pete au saa, hukumu ni moja kwa mwanamume, iwe ya kila siku au ya muda mfupi wa karamu. Mkanda wa ngozi hauisafishi, wala kuificha ndani ya mkono wa kanzu.

Lakini isome hadithi mpaka mwisho. Mtume alipoondoka, watu walimwambia yule bwana: chukua pete yako unufaike nayo. Yeye akaapa hataichukua kamwe, maadam Mtume ameitupa. Huo ulikuwa uchamungu wake. Wanazuoni wameelewa hapo kwamba kilichokatazwa ni kuvaa, ama mali ni mali, huuzwa na hupewa mwanamke akajipamba. Vyombo vya dhahabu ni jambo jingine, kwani kwa kauli yenye nguvu kwetu Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi, hata kuviweka tu hakufai. Saa haiko huko, maana ni pambo ambalo mkeo au binti yako ana ruhusa ya kulivaa.

Iliyopakwa maji ya dhahabu tu, kiasi kwamba ikipitishwa motoni hakipatikani kitu, Mashafii wameilegezea. Fungua mfuniko wa nyuma utazame: ukikuta 750 au 18K, hiyo ni dhahabu ya kweli, robo tatu yake safi.

Zaka sasa. Msamaha wa mapambo katika madhehebu yetu ni kwa pambo la halali linalovaliwa. Zako zimewekwa akiba, kwa hiyo zinahesabiwa. Nisabu, yaani kiwango cha chini cha kutolea zaka, ni mithqali 20, takriban gramu 85 za dhahabu safi. Pima kasha peke yake. Mashine ya ndani ni shaba na chuma, usiitolee zaka. Tuseme kila kasha lina gramu 12 za 750: hapo una gramu 9 safi kwa kila saa. Saa tisa zinakupa 81, hujafika. Hiyo ya kumi inakufikisha 90, na mwaka wa Hijria ukipita unatoa sehemu moja ya arobaini, gramu 2.25, au thamani yake. Ukiwa na dhahabu nyingine nyumbani, ijumlishe. Bei kubwa wanayolipa wakusanyaji kwa sababu ya jina na uzee haiingii, isipokuwa kama ulizinunua ili uziuze. Hizo ni bidhaa, zinathaminiwa kwa bei ya soko.

Mabadilishano hayo usiyafanye. Siku ya vita vya Khaybar, sahaba Fadhala bin Ubayd alinunua kidani cha dhahabu na shanga kwa dinari 12, sarafu za dhahabu. Alipovitenganisha akakuta dhahabu peke yake inazidi dinari 12. Mtume akasema kisiuzwe mpaka kitenganishwe. Dhahabu kwa dhahabu sharti ilingane uzito; makasha yenu mawili hayalingani, na pesa ya juu inazidisha utata. Muuzie yako kwa pesa taslimu, uipokee mkononi, kisha ununue yake palepale. Asikwambie "nitakumalizia mwisho wa mwezi". Dhahabu na pesa ni mkono kwa mkono, kabla hamjaachana.

Wallahu a'lam.